Hilux ya dizeli (2L) haina nguvu mlimani na haitoi moshi: nipime nini kabla ya kushusha pampu?

mzigo_mlimani

Habari za kazi wakuu. Naomba mnisaidie kupanga vipimo kabla sijaruhusu pampu ishushwe.

Gari ni Toyota Hilux pikapu ya dizeli, injini 2L ya cc 2446, ile ya zamani yenye roka (mikono ya kusukumia valvu), haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini). Pampu ni ya mzunguko, kichwa kimoja kinachogawia nozeli nne.

Bila mzigo, barabara tambarare, inafika 80 bila shida. Ikiwa na kilo 600 nyuma, mlima iliokuwa inaupanda kwa gia ya tatu sasa inadai ya pili, na baada ya dakika 20 hivi hata ya pili inalegea. Nikizima na kusubiri dakika kumi, nguvu inarudi kwa muda kisha inapotea tena. Moshi karibu hakuna. Hata nikikanyaga mafuta mpaka chini sioni ule mweusi mwepesi wa kawaida. Bila kukanyagwa inatulia vizuri, haichemshi, haili oili. Asubuhi starta inazunguka sekunde saba au nane ndipo inashika.

Nimeshabadilisha chujio la dizeli, chujio la hewa na oili. Tapeti (nafasi za valvu) zimepimwa injini ikiwa ya moto: 0.25 mm za kuingiza, 0.36 mm za kutoa. Fundi anasema pampu imechoka, ifunguliwe. Nipime nini kwanza?

---

spana_17

Mkuu, pampu iache ilipo. Katika maelezo yako kuna jambo moja linalobeba mengine yote: moshi hakuna.

Dizeli ya zamani isiyo na kompyuta inasema shida yake kupitia ekzosi. Ikikosa hewa huku mafuta yanaingia, inatoa moshi mweusi. Nozeli zikikojoa badala ya kupuliza ukungu, mweusi pia, tena na mlio wa kugonga. Taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) ikichelewa au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ikishuka, unaona mweupe wenye harufu inayochoma macho, hasa injini ikiwa baridi. Ringi au sili za valvu zikichoka, wa bluu. Sasa wewe umepakia kilo 600, uko mlimani, pedali iko chini, na nyuma hakuna moshi wa rangi yoyote. Hapo silinda zinapata dizeli kidogo kuliko hewa iliyomo. Ndiyo maana chujio jipya la hewa halikubadilisha kitu. Injini ingekosa hewa ungekuwa unaacha wingu jeusi nyuma yako.

Hata hivyo ondoa kwanza yale yasiyo na gharama, maana yamewahi kuwapeleka watu kwenye meza ya pampu (mashine ya kupimia pampu) bila sababu.

La kwanza ni waya wa mafuta. Zima injini, fungua boneti, mtu akae kwenye usukani akanyage mpaka chini, wewe uangalie mkono wa pampu. Lazima uguse skrubu ya mwisho. Waya hurefuka, kapeti hukunjamana chini ya pedali, na pengo la milimita chache tu kwenye ile skrubu linakunyima sehemu kubwa ya mafuta ya mlimani. Usiusukume mkono wa pampu kwa vidole ukaridhika, kwa sababu vidole vyako vinafika mahali ambapo pedali haifiki.

Breki nazo. Endesha kilomita 10 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama taratibu, kisha pitisha mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, hiyo inashika. Inua hilo gurudumu kwa jeki, gia huru, ulizungushe kwa mkono. Kwenye pikapu za zamani mara nyingi ni ngoma za nyuma, waya wa breki ya mkono umekauka ndani ya ganda lake na haurudi wote.

Klachi: ingia gia ya nne ukiwa kilomita 40 kwa saa, kanyaga hadi mwisho. Injini ikipandisha sauti upesi na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza. 2L yenye klachi nzima hapo hunguruma kwa sauti nzito na kupanda polepole.

Na kama matairi yamebadilishwa, linganisha kipenyo na ya awali. Kipenyo kikiongezeka asilimia 8 ni sawa na kupandisha uwiano wa gia zote kwa asilimia 8, na injini ya nguvu ya farasi 75 au 85 italihisi hilo kila mlima.

Lakini sioni breki wala klachi inayolegea dakika ya 20 kisha ikapona kwa kuzima injini dakika kumi. Hiyo dalili ina mwenyewe. Nawaachia wanaojua upande wa tangi.

---

dumu_na_mpira

Mwenyewe ni njia ya mvuto, yaani ya kufyonza dizeli, kutoka tangini hadi mlango wa pampu.

Gari hili halina pampu inayosukuma dizeli kutoka tangini. Ndani ya pampu kubwa kuna pampu ndogo ya vibapa, nayo inavuta yenyewe: inapitia wavu wa tangi, mabomba ya chini ya chasisi, kitenga maji, chujio, ndipo inaingia. Njia yote hiyo iko kwenye mvuto. Penye ufa, dizeli haidondoki nje injini ikiwa inafanya kazi. Upepo ndio unaoingia. Kwa hiyo unaweza kulala chini ya gari saa nzima, mabomba makavu kabisa, na bado yanavuta upepo.

Kwa nini inatulia vizuri bila kukanyagwa na kufa mlimani? Angalia kiasi. Bila mzigo, mzunguko wa chini, 2L inakula chini ya lita moja kwa saa au karibu na hapo. Mlimani, pedali chini, inahitaji lita 15 hadi 20 kwa saa, achilia mbali ile inayozunguka na kurudi tangini kupoza pampu. Bomba lililobanwa nusu halihisiwi kabisa kwenye kiwango cha kwanza, na linakaba kwenye cha pili.

Zile dakika 20 zako zinatokana na uchafu. Mvuto unakusanya taka, kutu na ule utelezi mweusi wa vijidudu vinavyoota penye maji chini ya tangi, vinajipanga kwenye wavu wa bomba la kuvutia. Ukizima, mvuto unakatika, taka zinadondoka, na ukiwasha unaanza upya na wavu safi. Mfuniko wa tangi ulioziba tundu la kupumulia unatoa tabia hiyo hiyo, na kuupima ni rahisi: gari likianza kulegea, simama, fungua mfuniko ukiwa umetega sikio. Likivuta pumzi kwa nguvu, umepata. Endesha na mfuniko umelegezwa kidogo, umbali mfupi, uone.

Na zile sekunde saba za asubuhi ni dizeli iliyorudi tangini usiku kupitia mahali panapoingiza upepo. Usichukulie kuwa ni shida ya pili.

Kipimo kiko hivi. Tafuta mpira mweupe unaoonyesha ndani, unaostahimili mafuta, wa kipenyo sawa na ule ulioko (mara nyingi 8 mm ndani, lakini pima wa kwako). Weka kipande cha sentimita 20 kati ya chujio na mlango wa pampu, kaza kwa klampu za skrubu. Piga pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka iwe ngumu. Washa. Viputo vichache vya mwanzo vitapita ndani ya dakika moja au mbili, hivyo usivihesabu. Baada ya hapo pandisha mizunguko hadi 3000 na ushikilie. Dizeli inapaswa kupita kama kioo. Mlolongo wa viputo vidogo usiokoma ni upepo unaoingia. Kiputo kimoja kirefu kinachocheza mahali pamoja bila kusogea wala kukua, hicho kipuuze.

Kisha dumu. Chukua safi la lita 10, dizeli safi, mipira miwili: mmoja wa kuvuta unafika karibu na sakafu ya dumu bila kuigusa, mwingine wa kurudisha. Funga dumu imara mbali na ekzosi na feni. Ung'oe mpira unaotoka tangini kwenye mlango wa chujio, uweke wa dumu; wa kurudi nao uhamishie kwenye dumu, usije ukalimaliza dumu na kujaza tangi. Toa upepo, pakia mzigo uleule, panda mlima uleule. Nguvu ikirudi na kudumu zaidi ya dakika 30, shida iko kati ya tangi na chujio, na pampu haina kosa. Isiporudi, rudia tena dumu likiwa limeunganishwa baada ya kichwa cha chujio, ukiweka chujio dogo safi la njiani. Ikirudi hapo, kichwa cha chujio au dayaframu ya pampu ya mkono ndiyo inaingiza upepo.

Jambo moja la kuzingatia: dumu usiliinue juu ya injini. Dizeli ikishuka kwa uzito wake, penye ufa patavuja nje badala ya kuvuta upepo, gari litakwenda vizuri na wewe utadhani umemaliza. Liweke kimo cha tangi, mfano kwenye sakafu ya kebini au nyuma kwenye bodi, ili pampu ivute kama kawaida yake.

---

nozeli_nne

Naongeza kitu kabla hujaanza kufungua bolti za mabomba kwenye pampu. Kuna bolti mbili zenye tundu katikati zinazofanana sana: ya dizeli kuingia na ya kurudi. Ya kurudi imeandikwa OUT kichwani, na ndani ina tundu jembamba mno, la sehemu ya milimita. Tundu hilo ndilo linaloweka shinikizo ndani ya tumbo la pampu, na shinikizo hilo ndilo linalosukuma pistoni ndogo ya kutanguliza taimingi mizunguko ikipanda.

Zikibadilishana mahali, unaharibu mara mbili kwa mkupuo mmoja: mlango wa kuingia unabanwa, na tumbo la pampu linapoteza shinikizo, taimingi haitangulii tena. Injini itawaka kwa shida au isiwake kabisa. Na kama mtu ameweka bolti ya kawaida upande wa kurudi kwa sababu ya OUT imepotea, itawaka, itatulia, lakini mizunguko ya juu itakuwa butu na yenye moshi mweupe. Iangalie sasa hivi, ni kazi ya macho tu. Kisha ukiifungua, tazama tundu kwenye mwanga, lisiwe limeziba, na washa (pete bapa) za shaba ziwe mpya pande zote mbili.

---

juu_ya_milima

Je, mkuu anaishi mahali pa juu? Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 unazopanda. Mita 1500 juu ya bahari ni asilimia 15 zimekwenda bila kitu kuharibika. Pengine gari ni zima.

---

spana_17

Hesabu yako ni sahihi, ila haiendani na dalili. Juu, hewa inapungua na dizeli inabaki ileile, isipokuwa pampu iwe na kifaa cha kupunguza mafuta kulingana na kimo. Ungeona moshi mweusi zaidi. Huyu hana moshi kabisa. Isitoshe kimo hakiponi kwa kuzima injini dakika kumi.

---

pikapu_kongwe

Kuna skrubu nyuma ya pampu, yenye nati ya kufungia, inayoongeza mafuta. Izungushe robo mzunguko kuingia ndani, utaona gari linavyobadilika. Haina haja ya dumu wala mpira mweupe.

---

nozeli_nne

Ndugu, nakuomba usimpe mtu ushauri huo, na mwenye gari usiufuate.

Skrubu hiyo inaweka kikomo cha dizeli ya mzigo kamili, na kiwandani imefungwa kwa waya na muhuri kwa sababu. Gari hili halipati hata dizeli ya kikomo cha sasa. Ukiongeza kikomo leo, hakuna kitakachobadilika mlimani, kwa kuwa dizeli haifiki. Kisha siku utakayosafisha wavu wa tangi, dizeli itafika yote pamoja na ile uliyoongeza. Moshi mweusi, joto la ekzosi linapanda, na hedi za 2L zinajulikana kwa kupasuka zikipata joto kupita kiasi, mara nyingi ufa ukipita kati ya kiti cha valvu ya kuingiza na cha kutoa. Mtu ataanza kuongeza maji kwenye rediota bila kujua yanakwenda wapi. Robo mzunguko kwenye skrubu ile ni mwingi sana; kwenye meza ya pampu inasogezwa kidogo kidogo huku ujazo ukisomwa kwenye vioo.

---

mzigo_mlimani

Nashukuru sana wakuu. Nimefanya kwa mpangilio mlioutoa.

Mkono wa pampu unagusa skrubu ya mwisho. Rimu zote nne zina joto linalolingana. Klachi haitelezi. Bolti ya OUT iko mahali pake na tundu ni wazi. Mfuniko wa tangi haukuvuta pumzi.

Mpira mweupe: kwenye mzunguko wa chini safi kabisa. Kwenye 3000, baada ya dakika nne, viputo vidogo vinapita mfululizo.

Dumu kimo cha tangi, likiunganishwa kabla ya chujio: mlima uleule, mzigo uleule, gia ya tatu mpaka juu, dakika 40 bila kulegea. Viputo hakuna. Ila sasa kuna jambo jipya, natoa moshi mweusi kidogo nikikanyaga sana, na mlio wa kugonga upande wa mbele wa injini.

---

dumu_na_mpira

Basi pampu yako imeachiwa huru. Tangi na mabomba ndiyo yenye shida, na kwa kuwa viputo vinakuja baada ya dakika nne tu, una mambo mawili yanayosaidiana: wavu unakaba, mvuto unaongezeka, na mvuto ukiongezeka ule ufa mdogo unaanza kuingiza upepo. Ukirekebisha kimoja tu, gari litapata nafuu kwa wiki chache kisha litarudi palepale.

Mwaga dizeli yote, uitazame kwenye chombo cheupe ikiwa imetulia saa moja. Matone chini ni maji. Toa bomba la kuvutia tangini, usafishe wavu kwa dizeli na brashi laini. Usiutoboe wala kuukata kama wengine wafanyavyo, kwa sababu taka itahamia mahali pabaya zaidi. Tangi lenye kutu linaoshwa kwa dizeli kidogo na kutikiswa, mara tatu au nne, mpaka inayotoka iwe safi. Usilitie moto wala kulichomelea likiwa na mvuke.

Mabomba ya chuma, yapulizie upepo wa kompresa kutoka mbele kwenda nyuma, bomba likiwa limetengana na tangi na chujio. Yale yaliyopita juu ya spingi na karibu na vishikio vya chasisi yachunguze kwa kidole. Kutu huanza chini ya kishikio, ndani ambako jicho halifiki. Mipira yote ya mvuto ibadilishe, hata ile inayoonekana mizuri. Mpira wa zamani ndani hulegea na kujikunja kwa mvuto huku nje ukiwa mzima. Ukitaka kuona, ubonyeze injini ikiwa 3000. Uliochoka umeshabonyea wenyewe. Klampu ziwe za skrubu, mpya.

Kitenga maji usikisahau. Mwaga maji kwa skrubu ya chini, kisha badilisha oringi yake. Skrubu hiyo ikifungwa juu ya oringi iliyokauka inaingiza upepo bila kudondosha hata tone.

---

nozeli_nne

Moshi mweusi kidogo na mlio wa mbele: dizeli sasa inafika, na nozeli zinaonyesha hali yao. Zamani zilikuwa na njaa, hazikuweza kujionyesha.

Injini ikiwa ya moto, mzunguko wa chini, legeza nati ya bomba la shinikizo kwenye nozeli moja kwa spana ya 17, robo mzunguko tu, funga, nenda inayofuata. Vaa glovu na miwani, na usiweke mkono mbele ya nati. Dizeli ya shinikizo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano ni la kwenda hospitali mara moja. Silinda nzima ukiilegeza, injini inatetemeka na kushuka. Ile ambayo ukiilegeza mlio wa kugonga unatoweka, hiyo ndiyo nozeli yako. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo.

Zishushe zote nne zikapimwe kwenye mashine ya mkono. Kwa 2L ya zamani, mpya hufunguka kilo 115 hadi 125 kwa sentimita ya mraba. Iliyotumika ikubalike kuanzia 105. Zote ziwe karibu. Shimu (kibati cha kurekebishia ndani ya nozeli) ikinenepa 0.05 mm, shinikizo hupanda takribani kilo 6. Kisha ishikilie kilo 10 hadi 20 chini ya kufunguka kwa sekunde 10: ncha ibaki kavu. Ikidondosha, shimu haitakusaidia, ncha ibadilishwe. Sikiliza pia, nzuri inakoroma kwa kishindo kifupi kila ukivuta mkono, mbovu inamwaga kimya.

Unaporudisha, washa za kitako ziwe mpya, tundu lisafishwe mpaka chini, washa ya zamani isibaki imeng'ang'ania ndani. Kaza kilo 6.5 za mita, yaani Nm 64. Kukaza zaidi kunabana ncha na sindano inaganda.

---

kabureta_mbili

Samahani kudandia. Yangu ni pikapu ya petroli ya kabureta, inakosa nguvu vilevile. Naweza kutumia njia hii?

---

spana_17

Mpangilio ndiyo, vipimo hapana. Kwenye petroli moshi hausemi mengi, geji ya vakyumu ndiyo inasema. Iunganishe kwenye manifoldi ya hewa, chini ya kipepeo cha kabureta. Injini nzima, usawa wa bahari, mzunguko wa chini, sindano inatulia kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Toa inchi moja kila mita 300 za kimo. Pandisha hadi 2500 na ushikilie dakika moja: sindano inapaswa kurudi karibu na palepale. Ikishuka taratibu wakati umeshikilia, ekzosi imeziba, mara nyingi vizuizi vya ndani ya sailensa vimeanguka. Ikirukaruka kwa mpigo mmoja ule ule, valvu moja haifungi. Ikitulia lakini chini, mfano 14, angalia taimingi iliyochelewa.

Kisha taa ya taimingi. Ng'oa mpira wa vakyumu wa distribyuta, uuzibe, pandisha mizunguko. Alama lazima itembee kutangulia. Isipotembea, vyuma vya ndani ya distribyuta vimeganda. Rudisha mpira, alama iruke tena mbele. Isiporuka, dayaframu imepasuka. Injini nyingi za kabureta zinazosemwa "zimechoka" zina dayaframu hiyo tu. Fungua mada yako na matokeo, tusimchanganye mwenye dizeli.

---

mzigo_mlimani

Narudi na matokeo.

Tangini kulikuwa na maji kama kikombe kimoja na utelezi mweusi umefunika zaidi ya nusu ya wavu. Bomba la chuma lilikuwa na tundu la kutu chini ya kishikio cha pili kutoka nyuma, dogo kama ncha ya pini. Mipira yote imebadilishwa, oringi ya kitenga maji pia.

Nozeli: namba 1 ilifunguka 85 na kudondosha, nyingine 102, 105 na 103. Ncha zote nne zimebadilishwa, zimepangwa kati ya 118 na 121. Baada ya kuzirudisha, fundi alipima kompresheni kupitia matundu ya plagi za hita, solenoidi ya kuzimia (inayokata dizeli) imeng'olewa waya, betri imejaa: kilo 29, 28, 29, 27.5 kwa sentimita ya mraba. Asubuhi inashika ndani ya sekunde mbili. Mlima na kilo 600, gia ya tatu, moshi mweusi mwepesi tu nikikanyaga mpaka mwisho, mlio umekwisha.

Swali la mwisho: kompresheni hiyo inaridhisha?

---

nozeli_nne

Inaridhisha sana. Kiwango cha injini mpya ni kilo 32, cha chini kabisa ni 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Wewe tofauti yako ni 1.5. Silinda mbili zinazopakana zingekuwa chini pamoja, ningekuambia gasketi ya hedi, hazipo.

Ule moshi mweusi mwepesi wa mwisho wa pedali ni wake, uuache. Skrubu ya mafuta isiguswe.

---

dumu_na_mpira

Badilisha chujio la dizeli tena baada ya kilomita 1000. Lile jipya uliloweka mwanzo limeshakusanya utelezi wote uliotikiswa ulipoosha tangi. Mwaga kitenga maji kila wiki mpaka kitoe dizeli tupu mara tatu mfululizo, kisha kila mwezi. Na kagua mkanda wa taimingi kwa stika ya tarehe au kilomita. Unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kama stika haipo, hesabu kuwa umepita.